UZI: Ukiugua sana, Wabudha wanajiandaaje na kifo? Kwa wanaouguza na wanaougua, Moshi na Arusha

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu nikihofia watu wataona naleta mambo ya kigeni, ila siku hizi naona nyuzi nyingi za watu wanaouguza wazazi huku Kilimanjaro na wote wanauliza kitu kilekile, mgonjwa tumwambie au tumfiche, na tukae naye vipi. Nitaongea kwa upande wa Kibudha maana ndo ninaoufuata. Nilianza nikiwa nafanya kazi Dar, nikawa napita lile hekalu la Wasri Lanka pale Upanga lenye mti wa bodhi (aina ya ule mti ambao Budha aliamka kiroho akiwa chini yake), sasa hivi nipo Moshi na najitolea na kikundi kinachotembelea wagonjwa majumbani. Mimi si mtawa na si daktari.

Hali ya huku mnaijua. Daktari kashasema ugonjwa umesambaa, majibu anayo shemeji kwenye bahasha, mgonjwa mwenyewe hajui, na kila anayeingia chumbani anamwambia utapona tu, ikatae hiyo hali. Mgonjwa akianza kusema "siku mkinizika..." anakatishwa palepale, mama acha maneno hayo usijitabirie. Nimewaona wazee wakiondoka na jambo ambalo walijaribu kulisema na hakuna aliyekubali kukaa alisikie, na inauma sana kuona hivo kwa sababu lile jambo mara nyingi ni dogo tu, deni la mtu, mtoto wa nje, shamba la chini aliloahidi.

Ninachotaka kusema ni hiki: kwenye mafundisho ya Budha sehemu kubwa ya kujiandaa na kifo ni kumtoa mgonjwa wasiwasi juu ya watu anaowaacha, na hiyo kazi ni yetu sisi tunaokaa pembeni ya kitanda.

Nianze na kifo cha Budha mwenyewe. Alikufa akiwa na miaka 80, Kusinara, kaskazini mwa India. Kabla ya hapo aliugua vibaya sehemu inaitwa Beluva, maumivu makali ya kufa, na alimwambia Ananda, huyu alikuwa ndugu yake na ndo alikuwa anamhudumia, kwamba mwili wake sasa ni kama mkokoteni wa zamani uliofungwafungwa kamba ili uendelee kutembea. Yaani hakujifanya mzima. Baadae wakafika kwa mhunzi mmoja anaitwa Cunda, akawapikia, Budha akala, akaanza kuharisha damu.

Sasa angalieni alichofanya yule mzee na hali yake ile. Alimwita Ananda akamwambia, watu wanaweza wakamlaumu Cunda kwamba chakula chake ndo kimeniua, na yeye mwenyewe anaweza akajilaumu, kwa hiyo mwambie kwamba katika vyakula vyote nilivyopewa maishani viwili vina baraka sawa na vinazidi vingine vyote, kile nilichokula kabla ya kuamka kiroho na hiki cha mwisho. Mtu anakufa na tumbo linamkata lakini anafikiria nani atanyooshewa kidole msibani! Nikiisoma hiyo huwa nawaza misiba yetu, nani alimletea uji, nani alimpikia mtori ile jumapili, kwanini alizidiwa baada ya fulani kuja kumuona. Kuna wakwe hawasalimiani mpaka leo kwa maneno ya namna hiyo. Mgonjwa mwenye nguvu ya kuongea anaweza kuyakata mapema, aseme mbele ya watu kwamba huyu binti kanitunza vizuri na asisumbuliwe na mtu.

Halafu Ananda alishindwa kuvumilia akaenda kujiegemeza mlangoni analia. Budha akamwita. Alimkumbusha kwamba alishamwambia kila tunachokipenda tutaachana nacho, kisha akamsifia mbele ya watawa wote kwa jinsi alivyomhudumia muda mrefu kwa upendo, kwa mikono, kwa maneno na kwa moyo. Anayeuguza alishukuriwa mgonjwa akiwa bado hai.

Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Kuna mama mmoja kwenye maandiko anaitwa Nakulamata, huyu nampenda kuliko wote. Mume wake Nakulapita aliugua ikaonekana anaondoka. Huyu mama hakumwambia utapona. Alikaa akamwambia mume wangu usife ukiwa na wasiwasi, kufa na wasiwasi ni mateso. Halafu akaanza kumjibu hofu zake kabla hajaulizwa. Labda unawaza sitaweza kulisha watoto na kushika nyumba, mimi najua kusokota pamba na kuchambua sufu, nitawalisha. Labda unawaza nitaenda kwa mwanaume mwingine, unajua tulivyoishi miaka 16 kwa uaminifu. Labda unawaza nitaacha dini, labda unawaza sitakuwa na maadili, sitakuwa na utulivu moyoni, moja moja akayamaliza yote.

Maandiko yanasema mzee alipata nafuu, akaenda kumuona Budha akitembelea fimbo, na Budha akamwambia una bahati kuwa na mke anayekutakia mema kiasi hiki. Kupona kwake msikutegemee kama dawa, wapo waliofanya hivyo na mgonjwa akaondoka vilevile. Mi naangalia zile hofu zenyewe. Ukikaa na mzee wa Kibosho au Machame anaumwa, chini ya ile "naumwa mgongo" kuna nani atakaa kihamba (shamba la ukoo lenye migomba), huyu mama mashemeji watamwacha kwa amani, ada ya mdogo wao nani analipa, ng'ombe. Hayo hayatulizwi na pole. Yanatulizwa na mtu kuja na jibu, ada tumegawana mimi na kaka, hati ipo kwa mchungaji, mama hatolewi na mtu.

Na kuna sehemu nyingine Mahanama, ndugu yake Budha wa ukoo wa Sakya, alimuuliza moja kwa moja kwamba mtu wa kawaida akimtembelea mwenzake anayeumwa sana amwambie nini. Budha akampa mpangilio. Kwanza mtulize kwa imani yake na maisha mema aliyoishi. Halafu muulize, una wasiwasi na wazazi wako? Akisema ndiyo, mwambie kwa upole kwamba ukiwa na wasiwasi au usiwe nao siku itafika tu, uuache. Baada ya hapo muulize kuhusu mke na watoto, kisha raha za dunia anazozililia, na unaendelea kupanda mpaka hata raha za mbinguni, kote anaachia. Nimependa kwamba swali linaanza na familia. Hamkimbilii mambo ya juu wakati mtu bado anawaza nani atamnywesha mama yake chai.

#3 Mdau wa Machame

Asante kwa uzi mkuu, umenigusa. Ila niulize bila ubaya, sisi familia ni Walutheri toka babu, hapa si unatuingiza kwenye kuabudu sanamu kwa mlango wa nyuma? Mgonjwa wangu ni mama mzee wa kanisa, nikimletea mambo ya Budha atanifukuza chumbani.

#4 Mleta uzi

Swali zuri sana ndugu yangu, na usimletee kabisa. Mgonjwa akiwa kwenye hali ile anahitaji kilichomlea. Mama wa kanisa anataka zaburi zake na nyimbo zake na mchungaji aje na chakula cha Bwana, mpe hivyo bila kuchanganya kitu. Hata Budha alisema anza na imani ya mgonjwa.

Zoezi ni lako wewe unayeuguza. Kuna mambo matano Budha aliwaambia watu wote, watawa na wenye familia, wayatafakari mara kwa mara: nitazeeka na sina pa kukwepea, nitaugua, nitakufa, vyote na wote ninaowapenda nitatengana nao, na matendo yangu ndo urithi wangu. Ukiyarudia taratibu kabla hujaingia kwa mgonjwa unaacha kumuona kama mtu aliyepatwa na mkosi wa peke yake, unaona ni njia yako pia ila yeye katangulia, na hata mkono unavyomshika unabadilika. Mtu anayeogopa kifo chake mwenyewe anaongea sana chumbani mwa mgonjwa, mchunguze yeyote utaona.

Na ukichoka na mashuka na ndoo kumbuka hii. Siku moja Budha na Ananda walimkuta mtawa anaharisha, kalala kwenye uchafu wake na wenzake wamemwacha. Ananda akaleta maji, Budha akamwagia, Ananda akamsugua, wakamnyanyua huku kichwa huku miguu wakamlaza kitandani. Ndo akawaambia watawa, ninyi hamna mama wala baba wa kuwatunza, msipotunzana nani atawatunza, anayetaka kunihudumia mimi amhudumie mgonjwa.

#5 Anayeuguza, Sakina

Mimi mzee wangu anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, na sasa amesema hataki tena, amechoka. Kaka yangu anasema akiacha ni kujiua. Wabudha wanasemaje hapo? Na je kwenye maumivu, nilisikia wao hawataki dawa kali kwa sababu wanataka akili iwe wazi wakati wa kufa, ni kweli?

#6 Mleta uzi

Pole sana aisee, hii ni nzito.

Kuua au kumshawishi mtu afe ni mwiko mkubwa kwa Wabudha, mtawa akifanya hivo anapoteza utawa moja kwa moja. Hata kumsifia mgonjwa uzuri wa kifo ili akubali kufa kumo kwenye kosa hilo, kwa sababu kanuni iliongezewa hilo baada ya watawa fulani kufanya hivyo. Lakini kuacha tiba ambayo mwili hauibebi tena Wabudha wengi hawakuweki kwenye fungu hilo, ugonjwa ndo unaoua. Ila mzee kusema kachoka kunaweza kuwa na maana nyingi. Inawezekana kachoka na mashine, inawezekana kachoka na kuona mnauza vitu kwa ajili yake, inawezekana kaona gari la kumpeleka ni ugomvi kila safari. Mkae naye wewe na kaka mkamuulize kilichomchosha ni nini, halafu mkamuulize daktari wa figo mbele yake akiacha itakuwaje na atasaidiwaje. Msiamue nyie wawili jikoni.

Kuhusu maumivu. Budha alisema mtu asiyejifunza akiumwa anapigwa mishale miwili, wa kwanza ni maumivu ya mwili, wa pili ni moyo wake unavyolia, unavyokasirika na kupapatika juu ya yale maumivu. Aliyejifunza anapigwa mmoja. Watu wengi wanaipenda hii na wanaitumia vibaya, wanamwambia mgonjwa wa saratani ya mifupa atulize akili. Mshale wa kwanza ni wa kweli na dawa yake ipo! Morfini ya maji ipo, huduma ya tiba shufaa ipo, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana kitengo cha saratani na huko Arusha Selian wana hospisi inayofika mpaka majumbani. Mtu anayepiga kelele usiku kucha hana nafasi ya kutafakari chochote.

Hilo la akili kuwa wazi ni kweli wapo wanaolitaka, maana wanaamini hali ya moyo wakati wa kufa ina uzito kwa kinachofuata. Hao wanamwambia daktari apunguze maumivu bila kulaza kabisa, dozi inapangwa kidogokidogo. Ni chaguo la mgonjwa mwenyewe, ndugu asimchagulie.

#7 Mgonjwa, Moshi mjini

Nimesoma yote kimyakimya. Mimi ndo naumwa, siuguzi. Mchana niko sawa, watu wanakuja, nacheka nao. Saa tisa usiku ndo tatizo, naamka nyumba nzima imelala na naogopa mpaka meno yanagongana. Una chochote cha saa tisa usiku?

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu asante kwa kuandika. Nimeuacha ujumbe wako kwa muda ili nisikujibu haraka.

Nakupa nilichofundishwa na ninachokifanya na wagonjwa wanaotaka. Hofu ikija usianze kwa kuifukuza. Lala ubavu wa kulia kama unaweza, ndo Budha alivyolala mwisho wake katikati ya ile miti miwili inayoitwa sal, na hata bila dini ni mkao mzuri kwa wengi. Weka mkono tumboni. Angalia pumzi inavyoingia na inavyotoka, usiivute wala usiirefushe. Kila hofu inapopiga sema kimoyomoyo "hofu ipo", basi, halafu rudi kwenye pumzi. Angalia ipo wapi mwilini, kifuani, kooni, kwenye meno yanayogongana. Utaona inapanda, inakaa, inashuka, inapanda tena. Haiishi siku ya kwanza ila unaanza kuona kwamba kuna hofu na kuna wewe unayeiona.

Nakulapita, yule mume niliyemtaja juu, uzeeni mwili ukiwa umechoka na magonjwa ya kila siku alimwomba Budha neno moja la kumsaidia. Akamwambia ujifunze hivi: mwili wangu unaumwa, moyo wangu hautaumwa. Wapo wanaorudia hilo tu, kwa pumzi, mpaka kunapambazuka.

Kingine, tafuta mtu mmoja wa saa tisa. Mmoja tu ambaye umemwambia wazi nikikupigia usiku usiniombee kwa sauti wala usinipe moyo, kaa tu kwenye simu. Kama huna mtu huyo niandikie inbox.

Na mchana ukiwa na nguvu maliza vinavyokuamsha. Andika wosia, uende kwa wakili au hata kwa mashahidi unaowaamini. Nani anajua akaunti zako, nani anajua unayemdai na anayekudai. Kama kuna mtu mmekosana naye, wazee wetu wa Kichaga walikuwa na sale, lile jani la mmea, la kupeleka kuomba msamaha na hakuna anayelikataa, ulitumie.

#9 Mdau wa Njiro

Wabudha wote wanafanya hivi au kuna tofauti? Nilimpeleka mgeni mmoja mbugani akaniambia kwao wanamsomea maiti.

#10 Mleta uzi

Tofauti zipo nyingi. Huyo labda ni wa upande wa Tibet, wao wanaamini kuna kipindi cha katikati baada ya kufa kinachofika siku 49 na wanamsomea marehemu kumwelekeza. China na Japani wengi wanaita jina la Amitabha, Budha mwingine wanayemwamini, pembeni ya mgonjwa ili apokelewe kwenye nchi yake safi, na Japani ya zamani walikuwa wanafunga uzi kwenye mkono wa sanamu ya Amida, ndo huyohuyo Amitabha, mgonjwa anaushika upande wa pili. Upande wa Sri Lanka ndo niliojifunza mimi, watawa wanasoma maandiko ya ulinzi, mtu akishafariki familia inawalisha watawa siku ya saba, miezi mitatu na mwaka, na kwenye mazishi wanamimina maji kwenye kikombe mpaka yanamwagika, kuelekeza baraka kwa aliyekufa. Mtu wa arobaini na kuondoa tanga hawezi kushangaa.

Kitu cha Sri Lanka ambacho nakitumia sana ni hiki. Mfalme wao Dutthagamani, karne ya pili kabla ya Kristo, alipokuwa anakufa alisomewa daftari la mema aliyoyafanya. Mahekalu makubwa yametajwa humo, lakini yeye akasema yaliyomfurahisha ni sadaka mbili alizotoa kipindi cha shida bila kujali maisha yake. Sasa sisi hatuna daftari. Ila tulikuwa na mwalimu mstaafu huku Rau, hasemi, kageukia ukutani, watoto wake wakapiga simu kwa wanafunzi wake wa zamani. Wakaja wachache, mmoja dereva wa fuso akasema mwalimu ulininunulia daftari na viatu nikamaliza la saba. Mwalimu alikuwa kashasahau! Jioni ile alikunywa uji. Hakupona, tulimzika, ila siku zake zilizobaki hakugeukia ukutani tena.

#11 Mama wa watoto wawili, Kiborloni

Dada/kaka uliyeleta uzi, mimi ni wale wa bahasha. Mama ana kansa ya mlango wa kizazi imeshasambaa, sisi watoto tumekubaliana asijue. Lakini juzi aliniuliza kwanini dawa zimebadilika nikamwambia ni za vidonda. Akaniangalia tu. Tunampa ile morfini ya maji na sasa hali kabisa. Nifanyeje, dada zangu wakubwa hawataki aambiwe.

#12 Mleta uzi

Mama pole sana. Kukuangalia tu kule nadhani anajua, au anajua nusu, na anawalinda nyie kama mnavyomlinda.

Usiende kumtangazia. Ongea na dada zako kwanza, waambie humtobolei mama kitu, unataka tu asidanganywe akiuliza mwenyewe. Kisha siku akiwa na nafuu, chumbani mkiwa wawili, muulize yeye: mama, wewe unaonaje huu ugonjwa wako? Halafu nyamaza. Akisema mwanangu naona nitapona, ishia hapo siku hiyo. Akisema naona naondoka, usimkatishe. Muulize kuna kitu kinakusumbua juu yetu, na chochote atakachotaja mkishughulikie wiki hiyohiyo mrudi kumwambia kimeisha.

La kula. Mgonjwa wa hatua hiyo mwili wenyewe unaanza kukataa chakula, msimlazimishe, ila kabla ya hapo hakikisha ana choo. Morfini inafunga choo karibu kwa kila mtu na inatakiwa iende na dawa ya kulainisha, mtu akifunga siku nyingi anatapika na anakataa kula mnadhani ni ugonjwa. Alipata choo lini mara ya mwisho? Kama hiyo dawa hakupewa mpigie nesi wa tiba shufaa leo, usisubiri kliniki, halafu rudi hapa utuambie amesemaje.